Vidonge vya Siku Isiyouma

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi katika zahanati ya jeshi ya Mbuya, Daktari Mkuu alinikuta kwenye dirisha la dawa nikigawa panado kama njugu kwa kila aliyeumwa kichwa. Alilifunga lile dirisha.

"Sista, hivyo vichwa umeviuliza swali gani?"

Ndipo aliponifundisha kipandauso: maumivu yanayopiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, mwanga unaochoma macho. Kila mgonjwa alipewa kalenda aweke alama siku ya maumivu. Alama zikizidi, tulianzisha dawa ya kinga. Tuliwauliza kwanza kuhusu pumu, tukapima presha na mapigo ya moyo, kisha tukawapa propranolol, kidonge cha kunywa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Sajini Akello, dereva wa lori la jeshi, alikuwa na onyo la mwisho: akikosa zamu tena kwa ajili ya kichwa, usukani anapewa mwingine. Wiki sita baada ya kupewa vidonge alirudi na kalenda imejaa alama.

"Dawa yenu bure, Sista."

Nilifungua kopo lake. Vidonge karibu vyote vilikuwemo.

"Afande, mbona hukunywa?"

"Mimi askari! Risasi hapana piga kama adui hajakuja. Nilingoja kichwa iume."

Nilitaka kucheka. Daktari Mkuu hakucheka.

"Afande, getini kwenu sentri anasimama siku gani?"

"Kila siku."

"Hata adui asipokuja?"

"Si ndiyo kazi yake?"

"Basi kidonge hiki ni sentri. Mpe miezi miwili kabla hujamhukumu. Na usimwondoe bila kuniuliza."

Akamwandikia kamanda wa Akello barua: apumzishwe udereva kwa muda, lakini nafasi yake isiguswe.

Miezi miwili baadaye Akello aliitandaza kalenda mpya mezani. Juu, mwezi wa kwanza, alama zilisongamana. Chini, mwezi wa pili, zilikuwa tatu tu. Kwa mkono ule ule wa kugawa panado, nilikuwa nimempa mtu siku zake.

Alirudishiwa usukani wa safari za mbali. Kalenda iliyofuata, isiyo na alama hata moja, aliniletea kama zawadi, akigusa visanduku vyeupe: "Hapa nilienda Gulu. Hapa nilirudi."

Sasa nimestaafu, naishi Bugolobi. Wajukuu huniuliza kwa nini nimetundika ukutani karatasi isiyo na kitu.

Nawaambia wasogee karibu. Naweka kidole kwenye kisanduku cheupe.

"Hapa alienda Gulu."