Tulivyoenda Homa Bay Tukisema ni Malaria

Kilichonitoa nyumbani Migori, mwaka huo wa tisini na kitu, ni damu ya Atieno, mke wa mwanangu Ouma. Aliteleza mtoni na mtungi kichwani, mimba ikaharibika, na damu ikakataa kukoma. Ouma ni mwalimu, ana kadi ya bima ya hospitali, ile ya serikali. Lakini mwalimu mwenzake alimwambia kuna mswada unapelekwa bungeni: kadi isimlipie mwanamke aliyetoa mimba, na hospitali imtaje kwa polisi.

"Mama, nani ataamini aliteleza?" Ouma akaniuliza. "Hapa wananijua. Nendeni Homa Bay. Mkifika semeni ni malaria."

Mimi shule niliionea dirishani tu. Mambo ya mswada nikamwachia msomi.

Asubuhi tulipata pikapu ya samaki ikirudi ziwani tupu. Dereva, Okoth, alituweka mbele kwa heshima ya mvi zangu. Harufu ya pikapu hiyo, wacha tu! Marehemu mzee wangu alikuwa akisema samaki humnukia mgeni. Yeye alikuwa mvuvi, alikuwa anajitetea.

Tulipofika Awendo, kwenye miwa, Okoth akaniuliza, "Dayo," yaani nyanya, "huyu anaumwa nini?"

"Malaria."

"Malaria ya Migori! Hiyo ni kali kuliko wake zangu wote wawili."

Atieno akacheka kidogo, kisha akanishika mkono. Malaria mimi naijua, huchoma. Mkono huu ulikuwa baridi. Nikapapasa leso niliyomkalisha juu yake: imelowa. Nikamfunika kwa shuka langu, Okoth asione.

Tulipofika mji wa Rodi ilikuwa siku ya mnada, ng'ombe wameziba barabara. Okoth akashuka kuwafukuza. Hapo Atieno akaninong'oneza, "Mama, usiwaambie. Nikifungwa, Achieng' atanyonyeshwa na nani?" Achieng' ni mtoto wake, alikuwa bado hajaachishwa ziwa.

Hospitali ya Homa Bay tulifika jua likiwa kali. Tukasema malaria, tukaelekezwa kwenye benchi la malaria, akatobolewa kidole, tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Mama mmoja pembeni akaanza kunisimulia habari za mbuzi wake, nami naitikia "ee, ee," huku nikitazama midomo ya Atieno ikigeuka rangi ya majivu. Nikisema, jela. Nisiposema? Akateleza taratibu kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni.

"Wuololo! Si malaria!" nikapiga kelele. "Mimba imeharibika! Anaisha!"

Sista akaja mbio. "Mama, mbona hukusema?"

"Sheria, sista. Ile ya kadi."

"Hiyo wangali wanaizungumza tu! Nawe unaketi naye hapa?"

Wakamkimbiza ndani, akasafishwa, akaongezwa damu. Polisi hawakuja. Lakini kila mlango ulipolia, nilisimama.

Siku ya kurudi, Ouma alitupokea barabarani. "Mama, kadi waliikubali?"

"Msalimie kwanza mke wako," nikamwambia.

Nilichojifunza ni hiki: sheria haikuwa imezaliwa bado, na ilikaribia kunizikia mtu. Mswada wenyewe sijui uliishia wapi. Ninalojua ni kwamba Atieno alipopata mimba nyingine hakumwambia mtu yeyote, hata mimi, mpaka tumbo lilipojisema lenyewe.