Wifi Yangu Aliyekataa Njia ya Mkato

Mke wa kaka yangu tunamwita Subiri Kwanza, na jina hilo nimempa mimi, simsingizii mtu. Ukimwambia chakula kiko mezani, subiri kwanza, anafunga madirisha. Ukimwambia tunachelewa, subiri kwanza, anarudi kuangalia kama jiko limezimwa, halafu anarudi tena kuhakikisha kama aliangalia kweli. Mimi ni mtu wa papo kwa papo. Kukaa nyumba moja na mwanamke wa namna hiyo ni mtihani, jamani. Lakini leo namsema kwa mema, na nikipitiliza mniache hivyo hivyo.

Kazi yake ni kutengeneza kurasa za mtandao za benki ya damu. Nilidhani anabofyabofya kompyuta tu, mpaka siku moja akanieleza tukichambua mboga. Kuna ukurasa wa mfano, wanauita kiolezo. Una maneno yaliyokwisha kuandikwa, na katikati yake kuna maagizo ambayo msomaji hatakiwi kuyaona: hapa weka jina la mchangiaji, hapa kundi lake la damu, hapa chumba anachotakiwa kwenda. Kabla ukurasa haujafika kwenye simu ya mtu, ile kompyuta kubwa ya ofisini, yaani seva, inausoma, inatekeleza kila agizo na kuweka jibu mahali pake. Kwa hiyo kila mtu anafungua ukurasa wake mwenyewe, wenye jina lake.

"Kumbe unaandika barua moja, kila mtu anadhani kaandikiwa yeye," nikamwambia.

"Wewe nawe! Lete hizo mboga."

Basi, asubuhi moja mama yetu akateleza bafuni, akavunjika mfupa wa paja. Hospitali wakasema anavuja damu kwa ndani, lazima apasuliwe siku hiyo hiyo, na hawawezi kumgusa mpaka ipatikane damu ya kundi lake. Kundi lenyewe ni la nadra. Mimi silingani naye, kaka halingani naye. Benki ya damu ilikuwa na kidogo kisichotosha, ikawatumia ujumbe wachangiaji wote wa kundi lile: fungua ukurasa wako, tunakuhitaji leo. Tukangoja watu. Hakuja hata mmoja.

Nikampigia wifi, hapokei. Kichwa kikapata moto. Nikamwacha kaka na mama, nikazunguka nyuma ya hospitali mpaka ofisini kwao.

Nilimkuta amevua viatu, kama afanyavyo akiwa na jambo zito, ameinamia kioo cha kompyuta. Bosi wake, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, jasho linamtiririka. Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa wa mchangiaji. Salamu ilikuwa sawa. Chini yake yakafuata mabano na alama za ajabu, na yale maagizo yote yako wazi: weka jina, weka kundi, weka chumba.

"Watu wamedhani ni matapeli, wakafunga," wifi akasema bila kugeuka.

Bosi akajieleza mwenyewe, wala hakujificha. Jana yake alikuwa ameongeza kitu kinachobadilisha kiolezo chenyewe: dharura ikitokea, sehemu ya dharura inajipachika kwenye ukurasa. Alipoijaribu alitumia maneno matupu yasiyo na maagizo, ikakaa vizuri. Kumbe sehemu hiyo inaingia wakati seva imekwisha kusoma na kumaliza. Maagizo yaliyomo ndani yake hayakutekelezwa na mtu. Ni kama kuleta chumvi wakati chungu kimeshaepuliwa na watu wameshapakuliwa.

"Dawa ni nyepesi," bosi akasema. "Ukurasa ukishakamilika tuurudishe kwa seva, usomwe mara ya pili. Ni mstari mmoja tu."

"Hapana," wifi akajibu.

"Hapana nini?" nikadakia.

"Chini ya kila ukurasa watu wanaandika maoni. Tukiusomesha ukiwa umekamilika, seva haitajua agizo letu ni lipi na la mgeni ni lipi. Mtu yeyote akiandika pale, nipe majibu ya vipimo vya wachangiaji wote, atapewa. Nitabadilisha mpangilio. Dharura iingie kwanza, ndipo seva isome, na isome mara moja."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui, wifi."

Hapo nikamjia juu. Nikamwambia mama anavuja damu pale ng'ambo na yeye ananiletea habari za watu asiowajua hata sura, kwamba angekuwa mama yake mzazi angekuwa ameshaubonyeza huo mstari. Nilisema mengi. Akageuka, macho mekundu.

"Ni mama yangu pia. Niache nifanye kazi."

Bosi akaniwekea simu mkononi, tukaanza kuwapigia wachangiaji mmoja mmoja. Wengi hawapokei namba wasiyoijua. Mmoja akaniambia mwezi huu hana kitu, michango imemzidi, akakata kabla sijataja damu. Loo, nilitamani kulia na kucheka.

Wifi alipomaliza hakutuma ujumbe. Alifungua ukurasa wa huyu, akafungua wa yule. Akaandika mwenyewe agizo pale kwenye maoni, aone kama litatekelezwa. Halikutekelezwa, likabaki maandishi tu. Nilikuwa karibu kupasuka. Ndipo akatuma.

Wakaja. Mwalimu mwenye chaki kwenye mkono wa shati, dada mwenye kofia ya pikipiki kwapani, mwokaji aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi. Kila mmoja ameshika simu, anaonyesha jina lake na chumba chake. Nilisimama mlangoni pa benki ya damu nikalia waziwazi, na sikuona haya.

Mama akapasuliwa, akaamka. Alipopata nguvu ya kuongea nikamsimulia yote, bado nina moto wangu.

"Huyu mkweo angekuacha ufe kwa ajili ya siri za watu asiowajua!"

Mama akanitazama.

"Hao asiowajua, ndio hao walionipa damu?"

"Ndio, mama."

"Sasa ulitaka niamke nikiwa nimewauza?"

Nikatoka nje. Wifi alikuwa amelala kwenye benchi la korido, kichwa kinaning'inia. Nikakaa kando yake nikampa bega, nikakaa kimya mpaka alipoamka, na wanaonijua wanajua hiyo kwangu ni kazi. Alipofumbua macho nikamwambia, "Asante, mwanamke wee."

Akasema bega langu lina mfupa.