Picha Katika Nyumba ya Eda

Kaltun Dubow alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Garissa, na maishani mwake hakuwahi kuingia jumba la makumbusho. Alichokijua kuhusu sanaa ya dunia kilimfikia kwa posta. Mwaka 1995 alijiandikisha katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilichofundisha kwa vifurushi: vitabu vya picha, kaseti zenye sauti za wahadhiri, na maswali ya kujibu na kurudisha. Alisomea historia ya sanaa na urithi wa tamaduni za dunia. Walimu wenzake walimcheka. Ukisoma hesabu utapandishwa cheo, walimwambia; ukisoma masanamu utapandishwa wapi?

Mumewe, Ahmednoor, hakucheka. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka ng'ombe Nairobi na kurudi na unga na sukari, na ndiye aliyevichukua vifurushi huko Nairobi, kwa kuwa vya Garissa vilichelewa mno. Akifika nyumbani huoga, hula, kisha husema, "Haya, nionyeshe walichotuletea." Siku moja Kaltun alimwonyesha kanisa la Uhabeshi lililochongwa kwenda chini ndani ya mwamba, paa lake likiwa sawa na ardhi. Ahmednoor, mzaliwa wa Wajir penye visima, aliitazama ile picha kwa muda.

"Hawa walikuwa wanachimba kisima," alisema. "Maji yakakataa, wakaona aibu kurudi kwao mikono mitupu."

Kaltun alicheka mpaka chai ikamwagika.

Februari ya 1997 lori lilipinduka karibu na Mwingi. Ahmednoor alirudishwa Garissa amefunikwa turubai, akazikwa kabla ya alasiri. Kaltun alivishwa nguo nyeupe za wajane na kuingia chumbani kukaa eda: miezi minne na siku kumi bila manukato, bila wanja, bila kutoka nje ya ua isipokuwa kwa haja. Mama mkwe wake, Hawo, alikuja kutoka Tarbaj na mkeka wake, akautandika karibu na mlango.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Mchana mabati yalipashwa na jua mpaka yakawa yanalialia, na Kaltun alikaa sakafuni akisikiliza mji ukiendelea bila yeye: wachuuzi wa maziwa wakigombana, ngamia wakipelekwa sokoni, wanafunzi wake mwenyewe wakipita barabarani wakiimba jedwali la saba, nao wakikosea palepale walipokosea siku zote. Mabinti zake wawili, Ilhan na Sabirin, waliingia na kutoka wapendavyo. Yeye hakuweza.

Wiki ya tatu, Hawo alikuta kitabu kimefunguliwa juu ya kitanda. Ndani mlikuwa na picha ya sanamu ya mtu asiye na nguo.

"Astaghfirullah! Kaltun, malaika hawaingii nyumba yenye masanamu. Mwanangu yuko kaburini anangoja dua, wewe unawafungia malaika mlango?"

"Hooyo, ni masomo tu," Kaltun alijibu. Alimwita mama, kama alivyomwita tangu alipoolewa. "Mtihani ni mwezi wa tano. Ahmednoor alijua."

"Ahmednoor hayupo."

Vitabu vilifungwa kwa gunia vikatupwa stoo, juu ya mifuko ya chumvi ya mifugo. Kwa siku nyingi Kaltun alisoma kwa kufumba macho, akijaribu kuikumbuka kila picha ilipokaa katika ukurasa. Nyingine zilianza kumtoroka. Hilo lilimtia hofu kuliko joto na kuliko ukuta wa jirani.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo kisheria halikuruhusiwa kusemwa wazi kabla ya eda kwisha, lakini wanawake waliokuja kuhani walilizungukazunguka. Billow, mdogo wake Ahmednoor, alikuwa na mke mmoja tu. Desturi ilitaka ndugu amwoe mjane ili watoto wasitoke katika ukoo. "Mungu hamwachi mjane," walisema, wakitazama mlangoni. Kaltun alielewa kwamba chumba kile kilikuwa na mlango mmoja, na upande wa pili alisimama Billow.

Billow mwenyewe alikuwa mtu mpole, mfanyabiashara wa mbuzi. Kaltun alimwomba kutoka nyuma ya pazia, akimwita kaka, "Walaal, nipigie simu Nairobi, kwa wakala wa chuo. Waulize kama naweza kufanyia mtihani hapa."

Billow alikwenda posta, akarudi na jibu: ingewezekana, mradi afanye shuleni kwake, siku ile ile, mbele ya mwalimu mkuu. Shehe wa mtaa naye aliulizwa. Alisema mwenye eda hutoka mchana kwa haja na kulala kwake, lakini kama mtihani ni haja au si haja, wenyewe ndani ya nyumba ndio wajuao. Basi uamuzi ukamrudia Hawo.

Alasiri moja Hawo alikwenda stoo kuchota chumvi, akarudi na gunia la vitabu, akalitua sakafuni. "Panya wataanza kula," alisema kwa hasira, kana kwamba panya walikuwa wa Kaltun. Kitabu kimoja kilikuwa kimefunguka. Ndani mlikuwa na picha ya kaburi la Wazungu wa zamani: mwanamume na mwanamke wa mawe wamelala chali juu yake, mkono wa mume ukiwa umeshika wa mke.

"Hawa waliolala ni nani?"

"Mume na mkewe. Walichongwa baada ya kufa, Hooyo, wakawekwa juu ya kaburi lao."

Hawo alichutama. Hakukigusa kitabu. "Wana miaka mingapi hapo?"

"Zaidi ya mia sita."

"Na mikono hawajaachana." Aliinama zaidi kuitazama. "Kaburi la mwanangu halina hata jina. Upepo wa kiangazi ukipita mara mbili, nitauliza lilipo." Akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Kifunike kitabu. Kifunike, nasema."

Asubuhi ya mtihani Hawo alijifunga garbasaar yake, mtandio mpana wa Kisomali, akachukua fimbo na chupa ya maji. "Tutakwenda pamoja. Humsemeshi mwanamume njiani." Wakatoka. Jua lilimpiga Kaltun machoni hata akayumba. Miguu ilikuwa imesahau mchanga. Mwalimu mkuu, Mwalimu Aden, aliwapa chumba cha darasa la tatu. Hawo aliketi nje kwenye kibaraza, mgongo ukiwa umeuziba mlango, na Kaltun aliandika kwenye kidawati cha mtoto, magoti yakigusa mbao. Alipomaliza, Hawo alimrudisha kwa njia ile ile.

Eda ikaisha. Billow akatumwa kuposa, na Kaltun akakataa. Huenda Billow alishusha pumzi, ila hakuonyesha. Hawo ndiye aliyesema kilichobaki, bila kupaza sauti: "Hatukulazimishi. Lakini ukitoka hapa, wasichana ni wa baba yao. Wanabaki."

Kaltun hakutoka. Hakuolewa na Billow wala na mwingine. Alivaa nguo zake za rangi, akarudi darasani, na jioni akarejea nyumba ile ile.

Matokeo yalikuja mwisho wa mwaka, mvua kubwa zilipokuwa zimekata barabara: alikuwa amefaulu vizuri. Mwaka uliofuata, taasisi moja ya urithi jijini Nairobi ilimtafuta. Walitaka mtu ajuaye Kisomali na historia ya sanaa, awakusanyie vitu vya wafugaji wa kaskazini. Nyumba ingetolewa, ya mtu mmoja. Kaltun alikaa na habari ile kifuani wiki nzima, kisha akawapigia simu kutoka posta, akawashukuru na kukataa.

Alipofika nyumbani Hawo alikuwa uani akipepeta mchele, na Kaltun akamweleza yote.

"Ulitaka kwenda?" Hawo aliuliza bila kuinua uso.

"Nilitaka sana."

Ungo ulisimama. "Najua," alisema Hawo. "Nilikuzuia, na bado nakuzuia. Billow ana kwake; sina mwingine wa kubaki naye."

Kaltun alitafuta hasira yake, akaikuta ipo, nzima, haina pa kwenda. Sabirin aliita kutoka ndani kwamba hesabu zimemshinda. Kaltun akavua viatu, akaingia.