Sanduku la Nishani ya Mjapani

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Nilianza kwa kubeba magunia kwenye maghala ya Bugolobi, na leo nina malori yangu na nyumba ya ghorofa hapa Mbuya, ambayo hakuna mtu aliyenisaidia hata kwa tofali moja. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani natafuta huruma.

Kitu kimoja tu sikukitafuta mwenyewe, nacho ni nishani ya baba. Baba alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza, akarudi na nishani ya Kijapani. Alisema alimvua Mjapani kifuani. Maneno yake yalikuwa hayo, hakuongeza. Ukamanda wa huyo Mjapani tuliuongeza sisi.

Katika kambi ya jeshi tulikolelewa, Jumamosi ilikuwa siku ya kung'arisha: vifungo, mikanda, viatu. Kazi yangu ilikuwa nishani. Niliisugua kwa majivu na ndimu hadi ndege aliyechorwa juu yake akakosa macho. Baba mwenyewe hakuigusa kamwe. Nilidhani ni ukubwa, kwamba mtu aliyeshinda vita hasugui vyuma.

Siku ya kumzika nilisimama nikasema, "Huyu ndiye aliyemvua kamanda wa Kijapani nishani." Nimeyasema hayo kwenye posa na kwenye arusi, nimeyasema mbele ya watu wenye digrii walionitazama kama gunia lenye miguu. Waliponiuliza nimetoka wapi, nilinyoosha kidole ukutani, ilipokuwa imening'inia.

Mwaka huu nikaamua kumwekea baba jiwe la kaburi linalomfaa. Fundi wa mawe, kule chini karibu na viwanda, akachonga duara la nishani juu ya jiwe, kisha akauliza, "Mzee, inaitwaje hii? Tuandike nini chini yake?" Sikujua inaitwaje. Nikaelekezwa kwa Mkenya mmoja anayeuza vipuri vya magari, ambaye starehe yake ni kukusanya nishani za zamani.

Alikuja nyumbani, akavaa glavu kabla ya kuishika.

"Mzee, nani ameisugua hivi?"

"Mimi. Kwani?"

Akafumba macho kama mtu aliyeona ajali.

"Kijana, hapa ni nyumba ya askari," nikamwambia. "Chuma kisichong'aa ni aibu."

"Pole, mzee. Na sanduku lake liko wapi?"

"Umekuja kutazama nishani au sanduku?"

"Wewe una malori. Ungenunua lori bila logibuku, kile kitabu cha umiliki wake?"

Hapo alinipata. Akanieleza kwamba Wajapani walitoa kila nishani na sanduku lake, jina limeandikwa juu ya kifuniko, na ndani pamechongwa nafasi inayolingana na nishani hiyo na utepe wake. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali hutumiana picha za masanduku, wakabishana juu ya mbao, herufi na kitambaa, mpaka wajue nishani imetokea wapi. Nikaona ni watu wasio na kazi. Lakini nililitaka jina.

Sanduku alikuwa nalo dada yangu mkubwa, anayekaa Luzira. Huweka sindano zake humo. Tulipofika akamtazama yule kijana na glavu zake.

"Mdogo wangu, unaumwa? Mbona unatembea na daktari?"

"Tunataka sanduku la baba."

"Chukueni. Sindano zangu mniachie."

Lilikuwa jeusi, lenye herufi za rangi ya fedha, na liling'aa kuliko nishani. Baba alikuwa akilipangusa mwenyewe kwa kitambaa laini, hilo nilikumbuka pale pale. Mkenya akatoa tambara la sindano. Chini yake palikuwa na mahameli, pamechongwa duara, na juu ya duara mabawa mawili. Akailaza humo nishani tuliyokuja nayo. Ikakaa sawasawa. Utepe wake wa kijani, ulionyooka, ukabaki umetokeza nje kama ulimi.

"Utepe huu si wake," akasema. "Hapa palikaa utepe uliofungwa kama kipepeo. Ndivyo walivyowapa wanawake."

"Wanawake gani? Huyu alikuwa kamanda."

"Mzee, hii si ya vita. Ni ya wanachama wa chama chao cha kuhudumia majeruhi. Nadhani ya nesi." Kisha akasahau kwamba nipo. "Na sanduku zima hivi! Wenzangu hawataamini!" Akapiga picha, akatuma, na simu ikaanza kulia mfululizo kwa pongezi. Watu nisiowajua walikuwa wanashangilia baba yangu akivuliwa nguo.

Dada akasema taratibu, "Utepe wa kwanza aliutoa baba, akashonewa huu. Nilikuwa naye kwa fundi cherehani wa kambi. Fundi akamtania, 'Afande, hiki si kishada cha nywele za binti?' Baba hakucheka."

"Ulijua!"

"Nilijua habari ya utepe. Mengine sikuuliza. Wewe uliuliza?"

"Alisema alimvua kifuani."

"Basi alimvua," dada akasema. "Hakusema alimvua nani."

Nikafikiri kama mfanyabiashara. Mwenye nishani kifuani, sanduku lake linakuwa mzigoni. Kwa hiyo baba aliufungua na mzigo wa huyo mwanamke. Au mtu aliye hai alimpa baba vyote viwili kwa mkono wake. Sanduku halikusema, na wale mabingwa wa mbao na mahameli hawakuwa na haja ya kujua.

"Niuzie vyote pamoja, mzee," kijana akasema. "Vikitengana vinaharibika."

"Toka." Akatoka, akiwa bado anaandika kwenye simu.

Nishani niliiacha Luzira, ndani ya sanduku. Ukutani pangu pamebaki msumari, na wageni huuliza.

Fundi wa mawe alipiga simu. "Mzee, umelipata jina?"

"Andika jina la baba, na kwamba alipigana Burma."

"Na lile duara nililochonga?"

"Lisugue lifutike."

"Nikilisugua patabaki shimo, mzee. Kila mtu ataliona."

"Sugua," nikamwambia.