Vikonyo vya Mimea Iliyokwisha Kuchanua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kisu kidogo chenye mpini mwekundu, kisha nikaambiwa nisikitumie. Ilikuwa kwenye shamba la maua karibu na Usa River, kule Arusha, nami nilikuwa msichana niliyetoka tu shuleni. Msimamizi wa Vikonyo, mama wa Kimeru asiyependa maneno mengi, alinisimamisha kando yake asubuhi nzima.

"Tazama mikono yangu," alisema. "Usoni kwangu hakuna kazi."

Kikonyo, kwa ninyi ambao hamjawahi kufanya kazi ya kitalu, ni ncha ya tawi inayokatwa chini kidogo ya kifundo, pale jani linapochomoza, kisha inachomekwa mahali penye unyevu mpaka itoe mizizi yake yenyewe. Mmea uliokatwa tunauita mmea mama, lakini ni mazoea ya kusema tu. Kinachoota si mtoto wake. Ni mmea uleule, umeanza upya mahali pengine.

Msimamizi yule alikuwa na sheria moja ambayo hakuivumilia ivunjwe: tawi lenye tumba la ua lisiguswe. "Hilo limeshamaliza kukua," alinieleza. "Nguvu zake zote zinakwenda kwenye ua. Ukilikata utapoteza ua, na mzizi hutaupata." Nilifuata sheria hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, wala sikuona sababu ya kuihoji.

London nilimfuata mume wangu, aliyekuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Nikapata kazi kwenye kitalu cha nyumba za vioo nje kidogo ya Hounslow, tukiotesha maua ya bustani. Meneja wa Kitalu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Harrow, na siku aliyonipokea alinisemesha Kiswahili cha kwao. "Mama, huku hakuna jua," alisema, akionyesha taa zilizoning'inia juu ya meza. "Hizo ndizo jua letu. Usizizime hata kama unaona ni mchana." Nilifanya kazi chini yake mpaka alipostaafu. Hapo wenye kitalu wakakiuza.

Kampuni iliyonunua ilikuwa na leseni ya serikali ya kulima bangi kwa ajili ya dawa. Uzio ukainuliwa, kamera zikafungwa kila pembe, na tukaanza kupekuliwa mikoba tukiingia na tukitoka. Baadhi ya wenzangu waliondoka. Mimi nilibaki, pamoja na Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu ambaye tulikuwa tukikata vikonyo meza moja. Tuliimba pia kwaya moja, kwenye ibada ya Kiswahili kule Wembley. Kanisani tulisema tunafanya kazi "kwenye dawa", na watu wakadhani tunafunga vidonge kwenye maboksi.

Mkuu wa Ukuzaji alikuwa Mholanzi mrefu, mpole, aliyeinama kila alipoongea nasi. Alitufundisha kwamba bangi huhesabu giza. Ukiupa mmea mwanga mwingi na giza fupi, unaendelea kukua majani. Ukiurefushia giza, unachanua. Kwa hiyo tulikuwa na vyumba viwili vikuu: chumba cha mimea mama, ambako giza lilikuwa fupi mwaka mzima, na chumba cha maua. Vikonyo vyote vilitoka chumba cha kwanza. Kwenye chumba cha pili hatukukata kitu mpaka mavuno.

Kisha ugonjwa wa kuoza mizizi ukaingia kwenye maji ya kunyweshea mimea mama. Aina nyingi tulikuwa na akiba yake kwenye chumba kingine. Aina moja hatukuwa nayo. Asubuhi moja tulikuta majani yake yote yameinama, na mizizi tulipoivuta ilibaki mikononi kama tambi zilizolala kwenye maji.

Mkuu wa Ukuzaji alituita mezani kwake. Hakuketi. "Aina hii imebaki kwenye meza moja tu," alisema, "na meza hiyo iko chumba cha maua. Mimea yake inakaribia kuvunwa."

"Si tununue mingine?" niliuliza.

"Ilikuzwa hapahapa. Haipo kwingine."

Mama Furaha aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, nami nikatafsiri: "Na hawo bagonjwa wenye banatumia hii, batafanya namna gani?"

Mholanzi alisema kuna watu ambao madaktari wao walijaribu aina nyingine zikashindwa kuwatuliza maumivu. Dawa iliyokuwa ghalani ingewafikisha muda fulani. Baada ya hapo hakujua.

Kisha akanitazama. "Umewahi kuchukua kikonyo kwenye mmea unaochanua?"

"Sijawahi. Nilifundishwa nisithubutu."

"Ulifundishwa vizuri. Mimi nimewahi, na vingi vilikufa."

Tulikata Jumamosi. Alituonyesha tutafute matawi ya chini kabisa, yaliyokaa kivulini, ambako maua yalikuwa machanga na shina bado kijani. Maua tuliyanyofoa, kwa sababu yakibaki kwenye unyevu yanavuta ukungu. Utomvu ulinata kwenye visu mpaka tukawa tunavifuta kila baada ya mkato. Mikono yangu, iliyozoea kuruka tawi lenye tumba, ilisita kila mara, ikabidi niisukume kama mtu anayemsukuma punda kwenye daraja.

Mimea mama hainuki sana. Mimea yenye maua inanuka mpaka kwenye mifupa. Nilioga mara mbili, nikaosha nywele, na bado Jumapili, nilipoinua mikono tuanze wimbo, Katibu wa Kwaya aliyesimama nyuma yangu alikohoa, akanisogelea sikioni.

"Dada, hii ni harufu ya nini?"

Ningeweza kusema ni moshi wa jirani zangu. "Ni bangi," nilisema. "Ndiyo kazi yangu. Ni ya hospitali, ina leseni."

Akasema kwa sauti ya upole, na upole huo ndio ulioniuma, "Basi leo ukae nyuma kwanza, mpaka viongozi tuongee."

Nikashuka. Nilipita katikati ya viti huku nikihisi kila mtu ananivuta harufu, nikaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Binti yangu Neema alikuwa ameketi na vijana wenzake. Aliinamisha kichwa, sijui kwa aibu yangu au ya kanisa.

Wimbo ulikuwa haujaanza. Nikamwona Mama Furaha anatoka mstari wa mbele. Hakuna aliyemshuku, kwa kuwa yeye alikuwa amefunga kichwa na kujipaka mafuta ya karafuu. Akaja na vazi lake la kwaya mpaka nilipo, akaketi ubavuni kwangu.

"Miye pia," alisema, kwa sauti iliyofika madhabahuni. "Tunatumika pamoja." Kwao kutumika ni kufanya kazi.

Kisha akaimba sauti yake kutoka palepale, kwa nguvu, mpaka waliokuwa mbele wakalazimika kumfuata. Viongozi waliongea, kama walivyoahidi. Wakatuuliza maswali, tukajibu, na baada ya muda tukarudishwa kwaya bila tangazo lolote.

Vikonyo navyo vilituchelewesha. Vya kawaida vingekuwa vimeshatoa mizizi; hivi vilikaa tu chini ya vifuniko vya plastiki, wala havifi wala haviishi. Ukungu wa kijivu ulichukua vingi. Mkuu wa Ukuzaji aliacha kuuliza, akawa anakuja kutazama na kuondoka. Asubuhi moja Mama Furaha aliinua kimoja akakigeuza chini juu. Pembeni mwa sponji tulimokichomeka palikuwa na mzizi mmoja mweupe.

Mmea huo ulipoanza kukua ulitisha. Bangi ina jani lenye vidole vingi, lakini huu ulitoa majani ya kidole kimoja, ya mviringo, yaliyopinda. Nilidhani umeharibika. "Umechanganyikiwa," Mholanzi alisema. "Ulikuwa unazeeka, tumeulazimisha kurudi ujanani. Usiuguse." Tukauacha. Ukatulia, ukatoa machipukizi kila upande, mengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye mmea mama wowote. Dawa ya ghalani ilipungua sana, lakini haikuisha kabla aina ile haijavunwa tena.

Nimestaafu sasa. Mgongo ulitangulia, mimi nikaufuata. Nikitazama nyuma naona kwamba riziki yangu haikutoka kwenye mbegu hata moja. Kazi yangu yote ilikuwa kuendeleza kilichokuwepo tayari, na ni kazi isiyokuachia kitu cha kuonyesha ukutani. Kwa vijana mnaoianza nasema hili moja: sheria mliyofundishwa ishikeni vizuri, ili siku mtakapolazimika kuivunja mjue mnavunja nini.

Siku ya mwisho mlinzi wa getini alinipekua kama kawaida, akanikumbatia. Neema alikuwa ananisubiri kwenye gari. Tukiwa njiani akaniuliza, kwa Kiswahili chake kinachochechemea, ambacho siku zote hukikwepa kwa kunijibu Kiingereza:

"Mama, ukikata, ule mmea unasikia maumivu?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia pia kwamba, katika mabosi wote waliowahi kunifundisha kukata, hakuna aliyewahi kuuliza.