Nusu Debe la Chumvi

Harufu ya unga wa muhogo ikinifikia, hata nikiwa mbali na Ujiji, moyo hunienda mbio kama wa mwizi. Nitawaambia kwa nini, ila msinicheke mapema.

Mama aliuza chumvi ya Uvinza sokoni. Tuliishi wawili tu, na mimi nilikuwa mtoto wa kike nisiyeamini mtu. Mwalimu wa sayansi aliposema kwamba chumvi imejengwa kwa vitu viwili, metali inayowaka ikitiwa majini, pamoja na hewa yenye sumu, nilimwona mwongo. Halafu nikaanza kumshuku na mama: mbona hajawahi kunieleza anachouza?

Jumamosi moja mama alikwenda msibani Simbo. Nikamimina nusu debe kinuni, nikatwanga ili kila punje ivunjike hadi vile viwili viachane. Nilitwanga mpaka mikono ikafa ganzi. Sikuona metali wala sikunusa sumu. Nilipata unga mweupe tu. Nikaurudisha debeni, nikafunika juu kwa chumvi ya punje iliyobaki, nikaenda zangu ziwani kuoga.

Kwetu mnunuzi hutaka chumvi aione punje zake, maana iliyosagwa huficha mambo. Kesho yake sokoni mwanamke mmoja wa Ilagala, aliyetaka chumvi ya samaki, alichota chini ya debe, akakunja uso.

"Dada, humu umechanganya nini?"

"Sijachanganya kitu. Leteni maji muone," mama akajibu kwa kujiamini.

Akakoroga kijiko kimoja katika glasi mbele ya watu. Badala ya kubaki maangavu, maji yakafanya ukungu kama tui jepesi. Kinu chetu kilikuwa cha kutwangia muhogo, nami sikukiosha.

"Ego, ndiyo hivyo, lisemwalo lipo," mtu akaguna kwa Kiha.

Mama alinusa glasi. Kisha akamwaga debe zima mtaroni. "Kosa ni langu. Nisameheni." Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeuma ulimi, nachomwa na aibu. Tangu hapo wateja wake wakawa wanaonja kwanza, na wengine wakahama kabisa.

Mwaka jana, nikiwa tayari na watoto wangu, nilikiri. Mama hata hakushtuka.

"Nilijua pale pale, mwanangu."

"Mbona hukunitaja?"

"Wangesema unaiba chumvi na kujazia unga, wakuite mwizi, ukue na jina hilo. Mimi nilikuwa mtu mzima, ningelibeba."

Utoto wangu wote nilimshuku kila mtu kwa kila kitu. Kwamba mama anajua na ananyamaza kwa ajili yangu, hilo sikulishuku hata siku moja.