Nyundo Atatuombea Chakula

Nyundo alikuwa dalali wa mnada wa vyombo vilivyotumika: vitanda, makabati, majokofu yenye kutu miguuni. Jina hilo alilipata kwa kinyundo cha mbao alichogongea meza kila kitu kikipata mnunuzi, lakini silaha yake hasa ilikuwa sauti. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka uwanja wa mnada, na mkewe, akiwa jikoni, alijua kabati limekwenda kwa nani hata kabla ya mnunuzi mwenyewe.

Kanisani ndio usiseme. Nyundo aliomba kama alivyonadi, bila breki. "Bwana, tunasogea! Naona mkono wako, Baba, naona mkono! Ongeza, Baba, ongeza!" Siku moja, akiwaombea maharusi, alijisahau, akagonga mimbari na kutangaza kwamba bibi harusi amekwenda. Watu walicheka mpaka Mchungaji akajifuta macho kwa joho. Hata hivyo, kila mtu aliishiwa nguvu aliposikia, "Nyundo atatuombea chakula," maana hicho chakula kingeliwa baridi. Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi zaidi. Mkewe alipakua, Nyundo akafumba macho, akawataja wagonjwa, wasafiri, wajane, viongozi na wanunuzi wabishi, na alipofika kwenye chakula chenyewe mvuke ulikuwa umeshakata tamaa.

"Kimepoa," mkewe alisema kila siku, akirudisha sufuria jikoni.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Nyundo akasingizia vumbi la makabati, akanywa maji moto, akaendelea kupiga kelele. Mwishowe mkewe akamburuta hospitali. Wakampima, na majibu yalipotoka daktari akavuta kiti karibu, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari nzuri.

"Mzee, ni saratani ya koo. Tumeiwahi, lakini lazima tuondoe sehemu inayotoa sauti. Utapumua kupitia tundu hapa shingoni. Kuna matumaini makubwa ya kuishi, ila sauti hutakuwa nayo tena."

"Basi niache nife nayo," Nyundo akasema, akachukua kofia yake.

Daktari hakubishana naye. "Fikiria mpaka Ijumaa. Na koo limevimba, kwa hiyo usiseme neno, hata kwa kunong'ona."

Hata kabla ya kufika nyumbani, Nyundo akanong'ona. "Mama watoto, nimezungumza na Mungu kwa sauti hii maisha yangu yote. Wakiikata, atanijuaje?"

Mkewe alitaka kucheka, akamtazama usoni, kicheko kikamkauka. Mume wake hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa, na hofu hiyo ndiyo ingempeleka kaburini kabla ya ugonjwa.

Walipoketi mezani, Nyundo akafumba macho na kufungua mdomo. Mkewe akauziba kwa kiganja.

"Daktari amesema nini? Leo naomba mimi. Baba, asante kwa chakula. Mume wangu anaogopa, na mimi naogopa. Tushike mkono. Amina."

Nyundo akaendelea kufumba macho, akidhani huo ni utangulizi. Alipoyafumbua, mkewe alikuwa anatafuna. Akatia tonge mdomoni, akaungua ulimi, kwa kuwa alikuwa hajala cha moto tangu aoe.

Akachukua kipande cha karatasi ngumu cha mnadani, akaandika: "Sikujua unajua kuomba."

"Kwani ulidhani mwenzio nafanya nini wewe ukiwa unaizunguka dunia nzima? Naomba yangu moyoni, namaliza, nakusubiri."

"Na anakusikia? Bila sauti?" akaandika tena.

Mkewe akaweka tonge chini. "Lori la mnada lilipopinduka nawe, watoto walikuwa wamelala, sikutaka waamke. Nililia kimya, nikaomba kimya. Ulirudi au hukurudi?"

Nyundo akashika tama. Kwanza aliona aibu: sala iliyomrudisha nyumbani ilisemwa kimya, na nyingine kila siku ng'ambo ya meza hii hii, na yeye hakuwahi kuzijua kwa sababu ya kelele zake. Kisha akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, na katikati ya kicheko hicho amani ikamwingia. Hakuwa ameahidiwa kupona. Alijua tu kwamba atasikika, na hilo likamtosha.

Kujifunza kuomba kimya hakukuwa kazi rahisi, maana hata kimoyomoyo alikuwa akinadi. Lakini Ijumaa ilipofika alimpa daktari karatasi yenye neno moja: "Kata."

Walikata. Alirudi amekonda, kitambaa cheupe kikifunika tundu la shingoni, na amri ya kurudi kupimwa mara kwa mara. Mnadani mdogo wake alishika kazi ya kupaza sauti, na Nyundo akabaki na kinyundo chake.

Kanisa likaandaa chakula cha shukrani. Sahani zilipojaa, Mchungaji akasimama na mazoea yakamponza.

"Nyundo atatuombea cha..." Akajiuma ulimi. Ukumbi mzima ukatazama chini.

Nyundo akasimama, akafumba macho.

Kilichosikika ni pumzi yake tu, ikipita shingoni. Mwanzoni watu walichungulia. Wengine walikohoa. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na sauti ya kusubiri imalize, mmoja mmoja akaanza sala yake: mpishi mkuu, wazee wa kanisa, hata waliofuata chakula tu. Mkewe alimaliza ya kwake kama kawaida, akafumbua jicho moja. Midomo ya mumewe ilikuwa bado inacheza. Kwa jinsi alivyomjua, ndiyo kwanza alikuwa amefika kwa wajane.

Hatimaye Nyundo akagonga meza kwa ngumi, mara tatu, kama afanyavyo mnadani kitu kikipata mwenyewe.

"Amina!" ukumbi ukaitikia.

Mkewe akagusa bakuli lililokuwa mbele yake.

"Kimepoa," akasema, akaanza kulia kwa furaha mbele za watu, bila haya yoyote.